Huo mlio wa mgongo sio matibabu

Mhariri, shikamoo kama umenizidi, na kama hujanizidi basi mambo. Naomba nafasi nizungumzie hizi video za watu kuvunjwa migongo zinazozunguka kwenye simu, maana zimeanza kutuletea kazi hospitali. Unaona mtu kalazwa, anakunjwa, anasukumwa, mgongo unalia ko ko ko, anasimama anacheka anasema maumivu kwisha, sasa na huku kwetu kila mwenye kiuno kinachouma anatafuta wa kumvunja, iwe jirani, iwe kijana wa jim, ilimradi isikike ko. Mimi ni mtu wa fiziotherapia na sina ugomvi na kairopraktiki, ile kazi ya kusukuma pingili za mgongo kwa mikono, ugomvi wangu ni mtu kuvutwa kabla haijajulikana anaumwa nini.

Huo mlio kwanza. Sio mfupa unarudi mahali pake, ni gesi iliyomo kwenye ute wa kiungo, kikitanuliwa ghafla kinalia, mambo yaleyale ya kualisha vidole. Unaweza ukapata mlio na usipate nafuu, na nafuu ikaja bila mlio wowote. Kwahiyo anayekwambia pingili ilihama nimeirudisha, mwache na maneno yake.

Sasa sayatika, yale maumivu ya neva yanayoshuka mguuni. Kuna neva, mshipa wa fahamu, inatoka kwenye pingili za chini kiunoni, inapita takoni, nyuma ya paja, mpaka unyayo, ndo neva nene kuliko zote mwilini, inakaribia unene wa kidole. Mara nyingi kinachoisumbua ni diski, ule mto ulioko kati ya pingili na pingili, ikichomoza nyuma inagusa mzizi wa neva, hasa kule chini kabisa ya kiuno. Ndo maana mgonjwa anakwambia kiuno chenyewe hakiumi sana ila mguu unawaka moto, akikohoa au akipiga chafya ndo balaa. Dereva wa bodaboda mwenye hali hiyo ataambiwa ana UTI, atameza dawa, ataambiwa figo, atameza tena, nyumbani watasema ngiri au katupiwa kitu, na mguu bado unawaka tu. Yale maumivu yanayobaki kiunoni bila kushuka ni habari nyingine, na ndo ya wengi zaidi, hesabu za dunia za mwaka 2020 zilikuta watu milioni 619 wanaumwa kiuno.

Kuanza kumpima mtu hakuhitaji mashine kubwa. Nakulaza chali, nakuinua mguu ukiwa umenyooka, maumivu yakishuka mpaka chini ya goti kabla mguu haujafika juu, hapo nashuku neva. Alafu nakutembeza kwa visigino, nione kama unyayo bado una nguvu ya kujiinua. Kuna mama alikuja analalamika kiuno tu, kaingia na ndala miguu yote, kufika kitandani mguu wa kulia hauna kitu, ndala imebaki mlangoni na mwenyewe hana habari! Huyo neva imeshaumia, sio wa kuvutwa na mtu yeyote, ni wa daktari wa mgongo. Na eksirei ambayo watu wanaing'ang'ania inaonyesha mifupa, haionyeshi diski wala neva. MRI, kile kipimo cha picha cha mashine kubwa ya sumaku, ndo inaonyesha, ila hata wasioumwa kabisa wakipigwa MRI wengi wanakutwa na diski zimechomoza, kwahiyo usiuze mbuzi ulipie MRI kabla hujashikwa na kupimwa kwa mikono.

Kairopraktiki yenyewe ilianza Marekani mwaka 1895, mji wa Davenport huko Iowa, kwa bwana mmoja D. D. Palmer aliyeamini karibu kila ugonjwa unatokana na mgongo. Hiyo imani haikusimama, ila kazi ya mikono ilibaki. Mwaka 2017 chama cha madaktari wa magonjwa ya ndani cha Marekani kilisema kiuno kikiuma anza na visivyo dawa, joto, kuchuliwa, na hiyo ya kusukuma pingili imo. Waingereza 2016 walikubali lakini wakasema iende pamoja na mazoezi, sio peke yake. Nafuu yake ni ya kawaida tu, sio muujiza, na kwa sayatika ushahidi ni mdogo zaidi. Anayejua kazi anakuuliza maswali mengi kwanza, anakupa mazoezi ya nyumbani, na mambo yasipobadilika anakwambia nenda kwa mwingine. Anayekuuzia paketi ya miezi sita kabla hata hajakuinua mguu, huyo ni mfanyabiashara.

Tena sayatika nyingi zinapoa zenyewe ndani ya wiki chache hadi miezi mitatu hivi, mara nyingi diski iliyotoka inanywea kidogokidogo. Kulala kitandani wiki nzima hakusaidii, tembea kadri unavyoweza.

Lakini haja ndogo ikikataa au ikitoka bila wewe kujua, ganzi ikishika sehemu za siri na pale unapokalia, miguu yote miwili ikilegea, usisubiri asubuhi, nenda hospitali usiku huohuo. Na mwenye homa za jioni, jasho la usiku, anakonda, mgongo umeanza kuota kinundu, awaze TB ya mgongo, ipo kwetu, na pingili iliyoliwa na TB ukiisukuma inaweza kuvunjika mtu akapooza. Kijana wa jim atajuaje hayo?

Alafu vinyozi, nawasalimu sana, massage yenu ya mabega ni tamu, ila hiyo ya kumgeuza mteja shingo ghafla muiache jamani. Shingoni kuna mishipa ya damu inayopanda kwenye ubongo, ni nadra kuchanika lakini ikichanika inaweza kuleta kiharusi. Na mteja mwenyewe hata hakuomba, alikuja kunyolewa.

Mtu wa fiziotherapia,
Morogoro