Uliza Kwanza Theluji Imetoka Wapi

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Barua yako niliipata jioni nikitoka mlimani, nikaisoma nikiwa bado na viatu vya skii miguuni, maana nilishindwa kungoja. Nimefurahi mno kusikia kwamba sasa unakata kona bila hofu na kwamba umeacha kuegemea nyuma. Hilo la kuegemea nyuma huwasumbua watu miaka na miaka. Wewe umelivuka kwa misimu miwili tu. Hongera sana.

Umeniuliza, kati ya vituo vyote vya skii nilivyoteleza, kipi ni bora. Nimekaa na swali lako siku tatu. Mwingine angekutajia idadi ya lifti zinazopandisha watu mlimani na urefu wa njia. Mimi siku hizi huuliza kwanza theluji ya pale imetoka wapi, na inafika mlimani katika hali gani. Ukishajua hayo, tabia ya kituo umeshaijua zaidi ya nusu.

Acha nianze na Niseko, kwenye kisiwa cha Hokkaido, Japani, kwa sababu ndiko moyo wangu uliko. Wakati wa baridi upepo mkavu hushuka kutoka Siberia, ukavuka Bahari ya Japani huku ukinyonya unyevu, kisha ukakutana na milima ya Hokkaido na kuutua mzigo wote hapo. Kwa msimu mmoja huanguka theluji ya takriban mita 15. Wingi huo unashangaza, lakini kinachonirudisha kule ni wepesi wake. Inaanguka kwenye baridi kali, chembe zake hazishikani. Ukiichota kiganjani ukaipuliza, inapeperuka yote. Ukiteleza ndani yake, ule mkwaruzo wa skii uliozoea hauusikii, kimya kitupu. Inakufika magotini, siku nyingine kiunoni, na kila ukikata kona inakurukia usoni, ikabidi uvute pumzi kati ya kona na kona kama muogeleaji. Mara ya kwanza nilipoingia katikati ya ile miti yenye magome meupe, theluji ikiwa bado inaanguka na hakuna alama hata moja mbele yangu, nilisimama tu. Nilikuwa nimeteleza miaka kumi kabla ya siku hiyo, na bado nilihisi naanza upya.

Mlima wenyewe, Annupuri, si mrefu: mita 1,308 basi. Vituo vinne vinagawana huo mlima mmoja, na kuna tiketi inayokupitisha kote. Kinachonipendeza zaidi ni utaratibu wa milango. Ukitaka kutoka nje ya njia zilizotunzwa, unapita kwenye mlango maalumu. Wakaguzi wakiona hatari ya maporomoko ya theluji, wanaufunga, na aliyepita chini ya kamba hana msamaha. Nimeona watu wakinung'unika mlangoni asubuhi yenye theluji mpya. Mimi nangoja. Wanaoamua hapo wanaujua upepo wa jana usiku, mimi siujui. Jioni taa kubwa huwashwa Hirafu, kimojawapo cha vituo hivyo vinne, unateleza gizani huku chembe za theluji zikimetameta, halafu unaumalizia mwili wako uliochoka kwenye maji moto ya chemchemi. Usisikitike ikiwa utakaa juma zima bila kuuona mlima Yotei ng'ambo ya bonde. Mawingu yanayouficha ndiyo yanayoleta theluji.

Kwa theluji ya namna hiyo, mshindani ninayemheshimu ni Alta, jimbo la Utah, Marekani. Pale walianza kubeba watu kwa lifti mwaka 1939, na mpaka leo wanaoteleza kwa ubao mmoja wa miguu yote miwili (snowboard) hawaruhusiwi. Ni skii peke yake. Ukifika utaona jinsi watu wanavyoutumia mlima huo: theluji tamu mara nyingi haiko chini ya lifti, unaifuata kwa kukata ubavu wa mlima umbali mrefu, ukijisukuma kwa fimbo, mstari wa watu mmoja nyuma ya mwingine. Kisha kila mtu anachagua mahali pake pa kushukia. Dhoruba za kule mara nyingi huanza na theluji nzito kidogo na kumalizia na nyepesi, kwa hiyo skii zinaelea juu ya tabaka laini huku chini kukiwa na kitu cha kukubeba. Niseko unazama, Alta unaelea. Siwezi kukueleza zaidi ya hapo, miguu yako itaelewa yenyewe. Jambo moja tu: korongo lile ni jembamba na pande zake ni kali. Hatari ya maporomoko ikizidi, agizo hutolewa kila mtu abaki ndani ya jengo, na kutoka nje ni kuvunja sheria. Beba kitabu.

Zermatt, Uswisi, ni tofauti na hizo mbili kabisa. Milima mirefu inakizunguka kijiji na kuyazuia mawingu, hivyo theluji haianguki kwa wingi wa Hokkaido. Lakini ikishaanguka inakaa, kwa sababu ya urefu. Kituo cha juu cha gari la kebo kiko mita 3,883, hakuna kilicho juu yake Ulaya nzima, na juu ya barafu yake watu huteleza hata wakati wa joto. Ukitoka pale hadi kijijini unashuka zaidi ya mita 2,200. Mapaja yanawaka moto kabla hujafika nusu! Na popote unapogeuka, Matterhorn iko pale, mita 4,478, imesimama peke yake. Magari ya petroli hayaingii kijijini. Wageni huacha yao kijiji jirani cha Täsch na kupanda treni. Asubuhi unasikia viatu vya skii vikigonga barabara, basi. Unaweza pia kuvuka mpaka kwa skii hadi Cervinia, Italia, ukarudi siku hiyohiyo. Ila tazama upepo. Lifti za juu zikifungwa, njia ya kurudi kwa barabara ni ya saa nyingi kuzunguka milima. Mimi nikiona theluji inaanza kufuka kwenye vilele, nageuza hata kama jua bado liko juu.

Whistler, Kanada, ni kukubwa na kumepangwa vizuri, na lile gari la kebo la kilomita 4.4 linalounganisha milima miwili, lililofunguliwa mwaka 2008, ni kazi ya kushangaza. Lakini bahari iko karibu, theluji ni nzito, na mara nyingi chini kunanyesha mvua huku juu theluji ikianguka. Nenda na marafiki wa viwango mbalimbali, kila mmoja atapata pake. Mimi sikuota kuhusu Whistler baada ya kuondoka.

Portillo, Chile, naota. Hoteli moja ya manjano kando ya ziwa, Andes pande zote, hakuna kijiji. Msimu wake huanza Juni, wakati theluji ya kaskazini imeshayeyuka, na mwaka 1966 walishindania hapo ubingwa wa dunia wa skii. Kuna lifti ya ajabu inayowavuta watu wanne au watano kwa pamoja, bega kwa bega, kwa kasi kwenye mwinuko mkali. Ilibuniwa hivyo kwa sababu nguzo za kawaida za lifti zingebomolewa na maporomoko. Lazima wote muachie kwa mpangilio. Utacheka na watu usiowajua.

Nimeiacha Chamonix, Ufaransa, mwisho kwa sababu sitaki uende bado. Olimpiki ya kwanza ya majira ya baridi ilifanyika pale mwaka 1924, na mpaka sasa ni mji wa wapanda milima kwanza, wanaskii baadaye. Maeneo ya kuteleza yametawanyika bondeni, unahama kwa basi. Gari la kebo la Aiguille du Midi, la mwaka 1955, linakutoa mjini, mita 1,035, na kwa dakika 20 hivi uko juu kwenye kituo kinachofika mita 3,842. Kichwa kinakuwa chepesi, pumzi inakatika. Unapita kwenye pango la barafu, mnafungwa kamba, kisha mnashuka kwa miguu kwenye ukingo mwembamba wa theluji, skii zikiwa mgongoni na bonde lote liko wazi chini yako. Hapo ndipo Vallée Blanche inapoanzia, njia ya kilomita 20 hivi juu ya barafuto, yaani mto wa barafu unaosogea polepole. Hakuna alama za njia, hakuna mlinzi, na chini ya theluji kuna nyufa. Mwongozaji wetu alisema neno moja tu: pitieni nilipopita. Nilichungulia ufa mmoja. Kuta zake ni buluu, buluu inayokwenda chini hadi inakuwa nyeusi.

Mwishoni tulifika Mer de Glace, sehemu ya chini ya barafuto hiyo. Mbao zimebandikwa kwenye mwamba kuonyesha barafu ilifika wapi mwaka gani, na ngazi zilizojengwa kufikia barafu zilishapita vidato 500, kwa sababu kila mwaka inashuka zaidi. Nilisimama kwenye ubao wa mwaka 1990 nikatazama chini, nikanyamaza muda mrefu. Naipenda sana barafu ile, ndugu yangu, na nataka uione ikiwa bado inatelezeka.

Kwa hiyo nakupa ratiba yangu. Mwishoni mwa Januari twende Niseko, tukae siku kumi. Kabla ya hapo chukua mafunzo ya maporomoko: jifunze kutumia kifaa cha kutafutia aliyefukiwa, koleo la kuchimbia theluji, na ile fimbo ndefu ya kupapasia, mpaka mikono izoee bila kufikiri. Vallée Blanche tutaishuka msimu unaofuata, pamoja na mwongozaji. Skii zangu pana utatumia wewe. Mimi nina zile za zamani. Niandikie mapema uzito wako na urefu wa soli ya kiatu chako, ili fundi arekebishe vifungio vinavyoshika kiatu kwenye skii kabla hatujafunga mizigo.

Ni mimi rafiki yako,
ninayekungoja kwa hamu