Hela za bajaji

Mama, shikamoo.

Ujumbe wa sauti wa Kaka Mkubwa nimeusikiliza hadi mwisho. Anataka hela za bajaji, na kwa kuwa sikujibu siku ileile, eti nimeshakuwa Mzungu. Naomba umuulize bajaji ya kwanza iko wapi. Shangazi hajasahau, na mimi sijasahau.

Mimi mzima. Baridi ipo, kazi ipo. Nimepandishwa cheo, sasa ndiye msimamizi wa zamu ya usiku, na deni la gari nimelimaliza. Picha nimemtumia Shangazi, awaonyeshe na wale majirani waliosema nitarudi na begi tupu.

Jumapili nilikwenda kuiona nyumba ya Maggie Walker, mtaa wa Leigh, hapahapa Richmond. Siku hizi ni makumbusho ya serikali. Mwongozaji anaeleza, mimi nakiona kikoba chenu cha kuweka na kukopa! Mama yake Maggie alikuwa anafua nguo za watu, na yeye tangu mdogo anabeba makapu kuwapelekea wateja. Mwaka 1899 akakabidhiwa chama cha kuuguzana na kuzikana, madeni yamekijaa. Mwaka 1903 kikafungua benki, naye ndiye mkuu wake, mwanamke Mweusi wa kwanza Marekani kuanzisha benki. Siku ya ufunguzi kuna mtu alikuja na senti 31, wakampokea. Watoto walipewa visanduku vya kadibodi vya kudunduliza senti, zikifika mia wanafunguliwa akaunti. Na huo ni wakati ambao Mweusi hapa Virginia alikuwa anatengewa hata pa kukaa kwenye tramu. Alifungua na duka kubwa mwaka 1905, wafanyabiashara Wazungu wakalipiga vita mpaka likafa. Benki haikufa. Mdororo wa 1929 ulipoangusha mabenki kila upande, ya kwake iliungana na nyingine za Weusi, akawa mwenyekiti.

Halafu Baba Mdogo anasema kikoba ni kijiwe cha umbeya! Paa la nyumba anayolala lilitoka wapi?

Basi nimeamua. Hela za bajaji naziingiza kikobani, ziwe hisa zangu. Kaka akitaka, aje akope kama wenzake, na wadhamini wake, na riba alipe. Zitaingia kwenye simu ya Shangazi Ijumaa. Mweka hazina agonge mihuri kwenye kitabu changu mbele yenu wote, ndipo sanduku lifungwe. Ule ufunguo wako, Mama, usiuache tena juu ya kabati. Kaka anapajua.

Nimekumbuka vitumbua vyako mpaka nimejaribu kuvipika, vikaganda kwenye kikaango. Huku hakuna chuma cha vitumbua. Binti wa jirani akija mwezi ujao, mpe kile kidogo, na dagaa wa Kigoma. Wafunge vizuri, mara mbili, wasinuke kwenye ndege.

Mwanao