Barua ya wazi kwa mkurugenzi wa michezo: kabla hujamtimua kocha wa kikapu

Kwako Mkurugenzi wa Michezo wa chuo kikuu cha Marekani ambacho kocha wake amekalia kuti kavu,

Machi hii wafadhili wanakupigia simu, na wote wanataka kichwa kimoja. Kabla hujawajibu, toa mkataba kabatini usome kifungu cha fidia.

Tuseme amebakiza miaka 3 ya dola milioni 2 kila mmoja, na asilimia 70 imedhaminiwa. Kumwondoa ni dola milioni 4.2, bado hujagusa mikataba ya wasaidizi wake wala fidia inayodaiwa na chuo atakakotoka kocha mpya. Angalia tarehe pia: mikataba mingine hushusha fidia siku maalumu, na kuvumilia wiki mbili tu huokoa fedha nyingi. Tena uone kama analazimika kutafuta kazi nyingine na mshahara huo ukatwe kwenye deni lako. Chuo cha Indiana walipomwondoa kocha Archie Miller mwaka 2021, fidia ilizidi dola milioni 10, zikatoka kwa wafadhili. Siku hizi vyuo vinaruhusiwa kuwalipa wachezaji moja kwa moja, kwa hiyo mfadhili aliyemlipa kocha wa zamani ni yule yule utakayemgongea mlango kuomba hela ya usajili.

Halafu kuna uhamisho. Kocha akibadilishwa, wachezaji hufunguliwa dirisha lao, yaani muda maalumu wa kuhamia chuo kingine. Unaweza kumkabidhi mrithi jezi 15 na vijana 4 wa kuzivaa.

Chuo cha Duke walivumilia. Kocha Mike Krzyzewski alianza mwaka 1980, na misimu yake 3 ya kwanza ilimpa ushindi 38 na vipigo 47. Machi 1983 Virginia waliwachapa 109 kwa 66. Mkurugenzi Tom Butters hakumfukuza, na Januari 1984 akamwongezea mkataba. Hakuwa anabahatisha tu: Johnny Dawkins, Mark Alarie, Jay Bilas na David Henderson, waliokula kile kipigo cha Virginia, walikuwa wa mwaka wa kwanza. Mwaka 1986 vijana wale wale, sasa wa mwaka wa nne, walishinda mechi 37 na kufika fainali ya ubingwa wa taifa wa vyuo. Jim Calhoun naye, ambaye Watanzania wanamfahamu kwa kumfundisha Hasheem Thabeet pale UConn (Chuo Kikuu cha Connecticut), msimu wake wa kwanza huko alishinda 9 na kupoteza 19.

Ila subira si dawa ya kila kocha. Chuo cha Georgetown walimbakiza kocha Patrick Ewing, nyota wao wa zamani, baada ya msimu wa 2021-22, ambao hakushinda hata mechi moja kati ya 19 za ligi yao ya Big East. Kikosi kikajazwa wachezaji wa uhamisho, msimu uliofuata wakashinda 7 na kupoteza 25, akaondolewa. Hapakuwa na kundi la vijana waliokuwa wakikomaa pamoja, na jina kubwa la mchezaji wa zamani halizibi pengo hilo.

Kwa hiyo usihesabu vipigo peke yake. Hesabu pointi kwa kila mashambulizi 100, za kwenu na za wapinzani, Novemba ukilinganisha na Februari. Mitupo ya pointi tatu ya wapinzani usiihofie sana, maana huingia na kutoka kwa bahati zaidi ya ulinzi. Ribaundi za ulinzi (kudaka mpira mpinzani akikosa kikapu) na mipira inayopotezwa ndiyo kazi ya mazoezini. Kisha tazama mkanda wa mechi iliyokwisha kuharibika, zile dakika za lala salama: mpira ukipotea, nani anakimbia kurudi na nani anatembea? Wakitembea wote, mwache aende na ulipe.

Ukiamua abaki, mwongezee mwaka mmoja usioongeza fidia, maana mkataba unaoelekea ukingoni ndio silaha ya makocha wapinzani wakiwa sebuleni kwa mzazi wa mchezaji. Msaidizi wa ulinzi abadilishwe kama namba zinadai hivyo. Na utangaze kabla dirisha la uhamisho halijafunguliwa; ukichelewa, wale uliotaka kuwabakiza watakuwa wameshafunga mizigo.

Wafuatiliaji wa kikapu cha vyuo