Risala ya Familia Zinazouguza Wagonjwa wa Akili kwa Mganga Mkuu wa Wilaya

Ndugu Mgeni Rasmi, Mganga Mkuu wa Wilaya,
Viongozi wa kata, wahudumu wa afya, wageni waalikwa,

Karibuni. Sisi ni wazazi, ndugu na wenza wanaouguza wagonjwa wa akili wa muda mrefu, wengi wao wa skizofrenia, yaani ugonjwa unaovuruga fikra na kumfanya mtu asikie au aone yasiyokuwepo. Katika siku hii ya 10 Oktoba, Siku ya Afya ya Akili Duniani, tunaomba tuzungumzie dawa zinavyokatika.

Ndugu Mgeni Rasmi, wagonjwa wengi wanatumia sindano ya flufenazini, dawa ya kutuliza dalili za ugonjwa huo, ambayo kwa kawaida huchomwa takoni kila baada ya wiki 2 hadi 4. Dawa imo kwenye mafuta, inatoka mwilini taratibu, hivyo aliyekosa sindano moja bado huonekana mzima. Hapo ndipo familia zinapokosea: wanasema amepona, nauli ya kliniki inakwenda kwenye unga wa ugali, kisha baada ya wiki au miezi kadhaa ugonjwa unarudi. Mara nyingi hauanzi kwa fujo. Unaanza kwa kukosa usingizi, kuacha kuoga, kujitenga. Ndiyo maana tunasisitiza kila mlezi awe na daftari la tarehe ya sindano, tarehe ya kurudi na saa alizolala mgonjwa. Akikesha usiku 2 mfululizo apelekwe kliniki, asisubiriwe mpaka avunje mlango.

Wengine huacha kwa sababu ya maudhi ya dawa. Haloperidoli, dawa nyingine ya ugonjwa huo, inaweza kukaza shingo, kupinda taya au kugandisha macho yakitazama juu, hasa siku za mwanzo. Asiyeelezwa mapema atasema ni majini, naye mgonjwa atapelekwa kwa mganga wa kienyeji, ilhali zahanati yenye benzeksoli, dawa ya kuondoa mkazo huo, ingemtuliza siku hiyohiyo. Inatuuma sana, maana maelezo ya dakika 5 siku ya kwanza yangetosha.

Tunaomba mambo matatu. Zahanati ziagize dawa hizi kwa kuhesabu wagonjwa walioandikishwa, zisingoje kopo liishe. Dawa ikikosekana, mlezi apigiwe simu kabla hajapanda gari. Na muuguzi azungumze na mlezi pia, si mgonjwa peke yake, kwa kuwa anayehesabu vidonge nyumbani ni mlezi.

Kwa upande wetu, tutaendelea kupokezana zamu za nusu siku, ili mlezi aliyekesha apate kulala.

Tunaomba kuwasilisha.