Ikisiri ndiyo inayowanyima tuzo watafiti wa Kusini

Ndugu Mhariri,

Chikungunya ni neno la Kimakonde. Linatokana na kungunyala, yaani kujikunja, kwa jinsi maumivu ya viungo yanavyompinda mgonjwa. Mlipuko wa 1952 na 1953 huku Newala na Masasi ndio uliowafanya watafiti Marion Robinson na W.H.R. Lumsden waandike makala zao za 1955, na dunia ikaupokea ugonjwa pamoja na jina lake. Miaka 70 baada ya mlipuko ule, Julai 2022, macho yakarudi Kusini kwa homa ya mgunda ya Ruangwa. Mabusha na matende tunayo, kichocho tunacho, wodi za wazazi zimejaa maswali. Cha kuandikia hatujawahi kukikosa.

Hata hivyo, kila msimu wa makongamano ya tiba unapofika, magazeti huchapisha picha ya mshindi akiwa ameshika cheti, na wauguzi, matabibu na madaktari vijana wa Mtwara na Lindi huiangalia picha ile wakiamini kwamba tuzo ni za watu wa vyuo vikuu vya Dar es Salaam. Tunaomba nafasi kwenye ukurasa wako kuwaambia kwamba hazikuandikiwa mtu. Mchujo wa kwanza hufanywa kwa ikisiri, yaani muhtasari wa utafiti wa maneno 250 au 300, na kwenye makongamano mengi wapitiaji hufichwa jina la mwandishi na la hospitali yake. Anayeandika kutoka hospitali ya Nyangao, Lindi, husomwa sawasawa na anayeandika kutoka Muhimbili. Ndiyo maana inauma kuona kazi nzuri ikikataliwa kwa makosa ya kurekebisha kwa jioni mbili.

Kibali cha maadili kinatangulia. Fomu ya kutuma ikisiri huuliza namba yake, na hakiombwi baada ya data kukusanywa. Wengi hudhani kufungua rejesta za zamani hakuhitaji kibali kwa kuwa hakuna mgonjwa anayeguswa, kunahitaji. Maombi huenda NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu) au kamati ya maadili ya chuo, kisha unabisha hodi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa au Wilaya. Hesabu miezi, usihesabu wiki, na angalia tarehe ya kibali kuisha, kwani takwimu zilizokusanywa baada ya tarehe hiyo hazina utetezi.

Sasa tuje kwenye ikisiri yenyewe, hasa sehemu ya matokeo, maana hapo ndipo alama zilipo. Tumesoma ikisiri nyingi ambazo utangulizi umekula nusu ya maneno kueleza ukubwa wa tatizo duniani, kisha matokeo yamebanwa kwenye mstari mmoja: "Watoto wengi walikutwa na joto la chini. Matokeo kamili yatawasilishwa kwenye kongamano." Sentensi hiyo ya mwisho peke yake inatosha kukataliwa. Mpitiaji ana ikisiri kadhaa mezani na dakika chache kwa kila moja. Ukimwahidi matokeo ya baadaye, anaelewa kwamba huna.

Chukua mfano wa kubuni. Mkunga anataka kujua ni watoto wangapi wanapoa baada ya kuzaliwa. Rejesta ya wodi ya wazazi, kitabu namba 12 cha MTUHA (mfumo wa taarifa za huduma za afya), inamwonyesha kwamba katika kipindi chake walizaliwa watoto hai 171. Kwenye fomu zake za kipimajoto ana watoto 148. Kati yao, 62 walikuwa chini ya nyuzi 36.5 ndani ya saa moja baada ya kuzaliwa. Aandike hivi: "Kati ya watoto hai 171, waliopimwa ni 148, 62 walikuwa na joto la chini (asilimia 42, kiwango cha uhakika cha asilimia 95: 34 hadi 50)." Kwa sentensi moja msomaji ameona idadi, mgao, na jinsi makadirio yanavyoweza kuyumba. Akiandika "asilimia 42" tupu, hakuna anayejua kama ni 62 kati ya 148 au ni 5 kati ya 12.

Kisha kuna wale 23 ambao hawakupimwa. Mpitiaji makini ataanzia hapo, na ana haki. Je, ni watoto waliokimbizwa kusaidiwa kupumua, ambao pengine ndio waliopoa kuliko wote? Kama ndivyo, asilimia 42 iko chini ya hali halisi. Maneno 10 ya kueleza kwa nini hawakupimwa yana thamani kuliko aya nzima ya utangulizi, na kuwaficha 23 hao ni kosa la uaminifu, hata kama asilimia inabaki nzuri kuitazama.

Hitimisho lisivuke kilichopimwa. Mkunga wetu akimalizia kwa kusema watoto wanapoa kwa sababu akina mama hawana elimu ya kuwafunika, ilhali hakumuuliza mama yeyote swali lolote, ameharibu kazi yake mwenyewe. Aseme ni wangapi, katika mazingira gani, na ni hatua gani ya wodini ambayo takwimu zake zinaitetea. Kwa ikisiri ya maneno 300 tunashauri sentensi mbili za utangulizi, moja ya lengo, maneno 70 hivi ya mbinu (wapi, lini, nani, walichaguliwaje, kipimo gani), maneno 120 au zaidi ya matokeo, na sentensi mbili za hitimisho. Makongamano mengi hutaka Kiingereza, lakini mwandishi aieleze kwanza kazi yake kwa Kiswahili mbele ya mwenzake wa zamu. Asipoelewa mwenzake, tafsiri haitaokoa.

Kutuma nako kuna mitego. Soma kama kikomo kinahesabu maneno au herufi pamoja na nafasi, na kama kichwa cha habari na jedwali vimo kwenye hesabu. Ukinakili kutoka kwenye faili lako, alama kama ≤ na ± mara nyingine hugeuka viulizo, kwa hiyo fungua nakala ya mwisho kabla ya kubonyeza kutuma, kisha hifadhi risiti yake. Kama ukaguzi ni wa kuficha majina, jina la hospitali lisiwemo ndani ya maandishi. "Hospitali ya rufaa ya mkoa, kusini-mashariki mwa Tanzania" inatosha.

Saa ndiyo inayowaponza wengi. Kongamano likiandika mwisho ni 23:59 GMT, kwetu ni saa 8:59 usiku, una muda wa ziada. Likifuata saa za Malaysia, 23:59 yao ni saa 12:59 jioni yetu, na anayengoja watoto walale ndipo aandike ameshachelewa. Tuma siku tatu kabla. Umeme ukikatika Mtwara, waandaaji hawasogezi tarehe.

Kuhusu tuzo, jambo wanalolikosa vijana wetu ni dogo mno: kisanduku cha kushindania tuzo hakikuwekwa alama. Ikisiri inapokelewa, inasifiwa, ila haimo kwenye mashindano. Tuzo ya mtafiti kijana kwa kawaida ina kikomo cha umri au cha miaka tangu kuhitimu, hutaka barua ya msimamizi, na hutaka mshindani awe mwandishi wa kwanza na ndiye atakayewasilisha. Hapa tuseme wazi kwa wakuu wa idara: mkubwa anapojiweka mwandishi wa kwanza kwa kazi aliyoifanya kijana, anamfungia kijana huyo mlango wa tuzo. Mpangilio wa majina ujadiliwe kabla ya kutuma, maana baada ya tarehe ya mwisho mara nyingi haubadilishwi. Ruzuku ya nauli nayo huwa na fomu yake peke yake, mara nyingine na tarehe yake.

Ikisiri ikikubaliwa, barua pepe huja na siku chache za kuthibitisha na kulipa ada ya usajili. Asiyefungua barua pepe kwa wiki mbili anaondolewa kwenye ratiba bila kelele. Tumia anwani unayoisoma kila siku kwenye simu.

Ukipangiwa kuwasilisha kwa bango, ukubwa wa A0 ni milimita 841 kwa 1189. Hakikisha kwanza kama linatakiwa wima au la kulala, kwa kuwa bango la kulala halikai kwenye ubao wa wima. Maandishi ya mwili yasishuke chini ya pointi 24, kichwa kisomeke kutoka hatua tatu, na grafu moja kubwa katikati ishinde majedwali manne. Bango la kitambaa hukunjwa begini. La karatasi linataka bomba lake, na safari ya basi hadi Dar es Salaam haina huruma na karatasi. Saa ya majaji kupita ikifika, simama kwenye bango lako ukiwa na maelezo ya dakika mbili uliyoyazoea kwa sauti. Jaji akikuta bango halina mtu, anaendelea na safari yake.

Kuna pia wanaokuandikia kukusifu, wakakubali ikisiri ndani ya siku moja na kudai ada kabla hujajua waandaaji ni akina nani. Waulize wakubwa wa taaluma yako kama kongamano hilo wanalifahamu.

Ombi letu kwako, Mhariri, ni kisanduku kidogo kwenye ukurasa wa afya kinachotaja makongamano yajayo ya tiba, tarehe ya mwisho ya ikisiri kwa saa zetu, na masharti ya tuzo, miezi miwili kabla. Na kwa waganga wafawidhi wa Mtwara na Lindi, tunaomba saa moja kwa wiki, alasiri, ambapo ikisiri ya mtumishi mmoja inasomwa kwa sauti na wenzake wanahesabu pamoja naye waliopimwa na wasiopimwa.

Wako,
Wapitiaji wa ikisiri za tiba,
Mtwara