Maombi ya Jumamosi na maandalizi ya wajawazito wetu

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa wa Ngamiani. Jumamosi saa 10 jioni tunawaombea wenzetu watatu walioingia mwezi wa tisa wa mimba. Someni Luka 1:39–56: Mariamu alikaa kwa Elisabeti kama miezi mitatu. Basi nasi tugawane zamu za kuteka maji na kupika.

Uchungu ukikolea, zaburi nzima haishikiki. Chagua maneno machache ya Zaburi 121, uyaseme ukishusha pumzi taratibu. Ukishindwa, msindikizaji akusemee sikioni. Na kuogopa si kukosa imani, jamani. Yohana 16:21, Yesu mwenyewe aliutaja uchungu wa mzazi.

Mfukoni mwa kwenda kujifungulia: kadi ya kliniki, khanga safi nne au zaidi, pedi, nguo za mtoto. Nauli ya bajaji ya usiku ifunge kwenye pindo la khanga, isiguswe.

Damu ikitoka, chupa ikipasuka, mtoto akipunguza kucheza, au kichwa kikiuma sana na macho kuona ukungu (hiyo yaweza kuwa presha inayoleta kifafa cha mimba), nenda hospitali ya Bombo au kituo cha afya cha karibu papo hapo. Msingoje tumalize maombi, tutaomba njiani.

Asiye na msindikizaji aniandikie pembeni leo.