Mpwa wangu, kupelekwa winga si kufukuzwa

Mpwa wangu,

Ujumbe wako wa Jumamosi usiku niliusoma nikiwa bado sijavua koti. Maneno mawili tu: "Mjomba, naacha." Sikukujibu usiku ule. Najijua, ningekupigia simu ningeanza kukubembeleza, na wewe hukuwa unataka kubembelezwa. Nimemwomba mama yako ruhusa niandike hapa hadharani, mradi jina lako nisilitaje. Wazazi wenzetu wa Kenya, Tanzania na Kongo tunaoketi nao kwenye viti vya baridi hapa Ontario, Kanada, watoto wakicheza hoki ya barafuni, wananiuliza swali lile lile kila wiki: mtoto alikuwa senta, mshambuliaji wa katikati, kocha kamhamishia winga, pembeni, tumtoe timu? Basi barua ni yako, nao wasikilize.

Nianze na lililoniuma. Kocha alikosea namna alivyokuambia. Mtoto wa miaka kumi na minne humwambii mbele ya wenzake wote, viatu vya barafuni tayari miguuni, kwamba leo nafasi yake kapewa mwingine. Nilikuwa mlangoni nimeshika chupa ya chai ya mama yako, nikakuona umeinama unafunga upya kamba ambazo zilikuwa zimeshafungwa. Hilo nitazungumza naye mimi, watu wazima kwa watu wazima. Lakini uamuzi wenyewe nimeuwaza siku tatu, na kila nikiugeuza nauona ni sawa.

Wewe ndiye uliyenitia kwenye ushabiki wa Los Angeles Kings, timu ya NHL, ligi kuu ya hoki ya Marekani na Kanada. Kabla yako nilikuwa mtu wa kandanda tu, na barafu niliijua ya kwenye soda. Ukaleta picha ya mchezaji wao Quinton Byfield, jezi namba 55, ukaibandika juu ya kitanda, tukaanza kukesha pamoja, maana mechi ya kwao ikianza jioni huku kwetu ni saa nne na nusu usiku, na mama yako analalamika kila mara kuhusu shule ya kesho yake. Wewe unampenda huyu Byfield wa sasa, pandikizi la mtu la futi 6 na inchi 5 anayekata katikati ya uwanja kama vile barafu yote ni yake. Mimi nataka nikusimulie Byfield wa zamani kidogo, yule uliyekuwa mdogo mno kumfuatilia.

Kazaliwa hapa hapa kwetu, Newmarket, baba yake akiwa na asili ya Jamaika. Alichezea timu ya vijana ya Sudbury Wolves kama senta, na msimu wa 2019-20 alipata pointi 82 katika mechi 45: mabao 32, pasi za mabao 50. Kwenye drafti ya 2020, siku timu za NHL zinapochagua vijana kwa zamu, Kings wakamchukua wa pili. Hakuna mchezaji mweusi aliyewahi kuchaguliwa juu kiasi hicho katika historia ya NHL. Wa kwanza mwaka ule alikuwa Alexis Lafrenière, aliyekwenda New York Rangers, na wa tatu Tim Stützle, aliyekwenda Ottawa. Unaweza kufikiria watu walivyoanza kuwapima hao watatu kila wiki kama mbuzi wa sokoni.

Na mizani ilimkataa Byfield. Alianza kwenye timu ndogo ya Kings, Ontario Reign (Ontario hiyo ni mji wa California, usije ukasema tuliwahi kuwa naye jirani). Oktoba 2021, msimu haujaanza rasmi, akavunjika kifundo cha mguu kwenye mechi ya maandalizi. Aliporudi alicheza mechi 40 akapata mabao 5. Msimu uliofuata, 2022-23, alianza vibaya, akaugua, akarudishwa Reign. Alipopandishwa tena, hakurudishiwa usenta. Waliambiwa watu wakae watazame: kijana aliyechaguliwa wa pili kwa sababu ya usenta wake anachezeshwa winga ya kushoto.

Msimu ule alimaliza na mabao 3 katika mechi 53. Matatu, mpwa wangu. Wewe Jumamosi umekosa bao katika mechi moja.

Sasa nenda uangalie alipokuwa winga alikuwa anafanya nini, maana hapo ndipo penye utamu wote. Walimweka pembeni mwa Anze Kopitar na Adrian Kempe. Kopitar ni Mslovenia, aliyekuwa nahodha, aliyebeba kombe la Stanley, lile la ubingwa wa NHL, 2012 na 2014, na mara mbili akapewa tuzo ya Selke, ile ya mshambuliaji anayejua kulinda kuliko wenzake wote. Kazi ya Byfield ilikuwa ndogo kwa jina na ngumu kwa mwili: paki, kile kisahani kinachopigwa kwa magongo, ikirushwa kwenye kona, yeye ndiye wa kwanza kufika, anaweka mgongo wake mpana kati ya beki na paki, anaing'ang'ania ukutani hadi Kopitar afike katikati, kisha anampa. Mara nyingine pasi hiyo inafuatwa na pasi nyingine, halafu bao, na jina la Byfield halitajwi popote. Kempe alifunga mabao 41 mwaka ule. Sisemi ni ya Byfield, ila wakati mwingine tukitazama marudio ya zamani usimtazame mfungaji. Irudishe nyuma sekunde kumi uone nani aliyeitoa paki kwenye kona.

Na kuna jambo lingine alilolipata pale pembeni, nalo halina takwimu. Miezi mizima alikuwa hatua chache kutoka kwa senta bora wa kulinda, akimwona anasimama wapi paki ikipotea, anarudi kwa kasi gani, anageuza kichwa mara ngapi. Darasa hilo hulipati ukiwa wewe ndiye senta. Senta yuko katikati ya moto: agombee paki mwamuzi akiiangusha, ashuke hadi mbele ya kipa wake kuwasaidia mabeki, kisha apande tena kuongoza shambulizi, na yote hayo ndani ya sekunde arobaini hivi kabla hajakimbilia benchi akihema. Kijana anayebebeshwa mzigo huo kabla ya wakati hujifunza kuokoa nafsi yake tu.

Msimu wa 2023-24 akafunga mabao 20 na kutoa pasi za mabao 35. Kings wakampa mkataba wa miaka mitano wa dola milioni 31.25. Wa 2024-25 akafunga 23, safari hii akiwa amerudishwa katikati, senta. Na Septemba 2025 Kopitar alitangaza kwamba msimu wa 2025-26 ungekuwa wake wa mwisho. Kiti kile kinabaki wazi, na anayetazamwa akikalie ni yule yule aliyekuwa akimtolea paki kwenye kona.

Najua utaniambia, mjomba, huyo ni mmoja. Ndiyo, na sitakudanganya kwamba kila senta kijana wa Kings alifika. Walikuwa na foleni ndefu ya vijana wa nafasi hiyo hiyo, watu wakisema hakuna timu yenye hazina kama ile. Gabriel Vilardi, aliyechaguliwa wa kumi na moja 2017, mgongo ulimsumbua miaka. Naye walimpeleka winga, akafunga mabao 23 msimu wa 2022-23, kisha Juni 2023 wakambadilisha na Winnipeg pamoja na Rasmus Kupari, senta mwingine kijana, na Alex Iafallo, ili wampate Pierre-Luc Dubois. Dubois alikaa mwaka mmoja tu. Vilardi kule Winnipeg akawa winga wa safu ya kwanza, akafunga kuliko alivyowahi kufunga Los Angeles. Alex Turcotte, wa tano 2019, aliumia kichwa na kuumia tena, na ni 2024-25 ndipo alipopata msimu karibu mzima. Na Akil Thomas, mweusi mwenzetu, senta pia: Januari 2020 alifunga bao la ushindi la Kanada dhidi ya Urusi kwenye fainali ya dunia ya vijana, dakika nne hivi kabla ya kipenga, na Byfield akiwa kwenye timu hiyo hiyo. Kings walikuwa wamemchagua 2018. Mechi yake ya kwanza ya NHL aliicheza 2024. Miaka sita. Kutangulia si kufika, na kuchelewa nako si kupotea.

Kwa hiyo nikiangalia timu yenu naona jambo ambalo wewe kwa hasira hulioni. Mna masenta watatu wazuri wa umri mmoja. Wewe, yule namba 9, na yule mfupi anayecheka ovyo. Timu nyingi za umri wenu hazina hata mmoja. Namba 9 anashinda kugombea paki, mikono yake ina haraka ambayo wewe bado huna, na hilo unalijua. Yule mfupi anaona pasi kabla haijafunguka. Wewe una mwendo, na una kifua. Kocha hawezi kuwaweka nyote watatu katikati ya safu moja. Jumamosi alikuweka winga ya namba 9, na mimi nilikuwa na daftari langu.

Sikuwahi kukuonyesha daftari hili. Nilianza Novemba iliyopita, kwa sababu niligundua kwamba mimi sijui mchezo huu vya kutosha kukushauri, ila kuhesabu najua. Siandiki mabao. Naandika mara ngapi umegeuza kichwa kutazama nyuma ya bega kabla paki haijakufikia. Mechi ya kwanza ya Novemba: mara 2. Ndiyo maana siku ile yule beki alikugonga ukadondosha gongo, hukumwona kabisa. Januari: mara 5. Machi, ile mechi ya theluji nyingi: mara 8. Jumamosi hii, siku unayosema ulicheza ovyo, siku ya "naacha": mara 14. Kumi na nne! Kipindi cha pili uligeuka, ukamwona beki anakuja, ukaiacha paki ipite kati ya miguu yako igonge ukuta, ikamfikia namba 9 akiwa peke yake. Alikosa bao yeye, na watu wakasahau. Mimi nilipiga kelele hadi mama mmoja wa timu pinzani akanigeukia.

Sasa kuhusu lile ulilomwambia mama yako kwenye gari na mimi nikasikia, kwamba wanakuhamisha kwa sababu ya rangi yako. Sikupuuzi. Uko peke yako kwenye timu na mimi niko macho. Ningeona dalili yoyote, ningekuwa wa kwanza kukutoa. Kwa hili sijaiona. Lakini kwa kuwa umelitaja, umjue Willie O'Ree wa Fredericton, New Brunswick. Januari 18, 1958 alikuwa mweusi wa kwanza kucheza NHL, akiwa na Boston Bruins, na jicho lake la kulia lilikuwa karibu limekufa kwa kupigwa na paki, na aliificha siri hiyo. Alikuwa winga ya kushoto, kwa hiyo kila pasi ilimlazimu azungushe kichwa chote kuitafuta kwa jicho zima. Bruins walimrudisha msimu wa 1960-61, kisha wakaachana naye. Akaenda kucheza Los Angeles, mji huo huo wa Byfield, kwenye timu ya Blades katika ligi nyingine, na huko wakamhamishia winga ya kulia. Ghafla paki ikawa inakuja upande wa jicho linaloona. Msimu wa 1964-65 akafunga mabao 38. Boston waliitundika jezi yake namba 22 mwaka 2022, yaani hakuna mwingine atakayeivaa. Ubaguzi alikutana nao kila uwanja, matusi na magongo ya usoni, na hata hivyo kule kuhamishwa upande ndiko kulikompa mabao.

Pale Nairobi, kwenye uwanja mdogo wa barafu wa hoteli ya Panari, wako vijana na watu wazima wa Ice Lions, timu ya hoki ya Kenya, waliocheza miaka bila timu ya kushindana nayo nchini. Mwaka 2018 waliletwa Toronto, wakavaa sare kamili na kucheza, na nyota wa NHL Sidney Crosby na Nathan MacKinnon wakatokea chumbani na kuingia nao barafuni. Ile video uliitazama ukiwa na miaka saba, ukalia ukikataa kwamba hulii. Ndipo ulipomwomba mama yako viatu.

Ninachokuomba ni miezi mitatu. Hadi mwisho wa Februari. Ucheze winga kwa moyo wote, ukae karibu na namba 9 umwangalie mikono anapogombea paki, na umwombe mbaki baada ya mazoezi akufundishe. Atakubali, nilimsikia akimwambia baba yake kwamba hajawahi kupata winga anayemtolea paki vile. Februari ikiisha na bado unataka kuacha, nitakuja mimi mwenyewe kuzungumza na mama yako, na hutasikia neno lawama kutoka kwangu.

Kesho mazoezi ni saa kumi na mbili asubuhi. Nitakuwa nje kwenu saa kumi na moja na robo, gari likiwa limeshapata joto. Chukua soksi kavu za pili, Jumamosi uliondoka na zilizolowa. Mahamri yamebaki manne, na daftari liko kwenye kiti cha mbele, ulisome njiani.

Mjomba wako